Kutoka Rongai Hadi Ng'ambo: Mwongozo kwa Mwanafunzi Asiye na Mjomba Ubalozini

Wanairobi huiita Rongai, mji wetu wa Kajiado, "diaspora". Ukisema unashukia Kware au unaendelea hadi Nkoroi, mtu wa South B atakuuliza kama umebeba pasipoti. Watu wa Kitengela nao hawajasazwa na utani huo. Lakini kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi huku na kutamani kusoma ng'ambo, utani huu una faida yake, kwa maana nusu ya mafunzo ya safari tayari anayo. Kuamka kabla ya majogoo anakujua, na kusubiri pia anakujua. Tena matatu za njia ya 125 zimemfundisha jambo ambalo wengine wamelilipia mamilioni: uliza nauli kabla hujaketi, kwa sababu gari likishapita Bomas bei si yako tena.

Mwongozo huu ni wake, yeye anayetegemea simu, bando na miguu yake miwili.

Tuanze na jina. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE, uviweke mezani pamoja na usome herufi kwa herufi. Katika nyumba nyingi za Kajiado utakuta watu watatu: Naserian Mary aliyezaliwa, Mary Naserian aliyechukua kitambulisho, na Mary Nasserian, mwenye s mbili, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne. Mama anajua fika kwamba wote watatu ni binti yake mmoja. Ofisa wa viza hajui, na hana wajibu wa kujua. Rekebisha mapema, kwa sababu hati ya kubadilisha jina hupitia kwa wakili na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayoharakishwa na machozi. Kisha omba pasipoti kupitia eCitizen kabla hata hujachagua chuo. Wanaokumbuka foleni za Nyayo House za mwaka 2022 na 2023, mashine za kuchapa zilipoharibika na watu wakasubiri kwa miezi, wanajua kwa nini nasema hivi. Barua ya chuo ina tarehe ya kuripoti. Chuo hakitakungoja kwa sababu mashine imekwama Nairobi.

Baada ya jina ni alama, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndoto nyingi za ng'ambo hufia papa hapa nyumbani, kwenye korido ya idara. Ulifanya mtihani wa takwimu mwaka wa pili. Ulitia saini orodha ya waliohudhuria. Kwenye tovuti ya chuo, mahali pa alama pamebaki patupu. Mwanafunzi wa kawaida hujiambia atafuatilia akifika mwaka wa nne. Mwaka wa nne mhadhiri wa muda aliyesahihisha karatasi ameshahamia kaunti nyingine na namba yake ya simu haipatikani. Kwa hiyo piga picha kadi yako ya mtihani kila muhula na uihifadhi. Alama ikikosekana, andika barua, peleka nakala kwa mhadhiri, kwa msimamizi wa mitihani na kwa mkuu wa idara, na uombe nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Rudi wiki inayofuata. Rudi tena. Wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma kuanzia Septemba 2025 hadi Novemba, kwa wiki zote hizo hapakuwa na mtu wa kutia saini kitu chochote. Vyuo vya nje vinataka nakala rasmi ya matokeo, iliyofungwa na kugongwa muhuri au iliyotumwa moja kwa moja na ofisi ya msajili. Picha ya skrini ya simu haimshawishi mtu yeyote kule Leeds au Leipzig.

Barua za mapendekezo nazo zina adabu yake. Mchague mhadhiri aliyesoma kazi yako, hata kama cheo chake ni kidogo, umwache yule profesa maarufu ambaye hajui kama wewe ni mvulana au msichana. Mwendee mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho: "Habari ya asubuhi, Daktari. Ninaomba kufanya shahada ya uzamili, na ningeshukuru ukiniandikia barua. Nimekuletea matokeo yangu, wasifu wangu na kazi niliyokufanyia mwaka jana." Akikujibu uandike mwenyewe umletee atie saini, msihi kwa upole aiandike yeye, hata ikiwa fupi. Wasomaji wa maombi hutambua haraka barua tatu zilizoandikwa na kalamu moja. Vyuo vingi pia humtumia mhadhiri kiungo ajaze mwenyewe, na hutaka anwani yake ya barua pepe iwe ya chuo.

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa ufupi, na kwa hasira. Mtoto wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza tangu gredi ya nne, kisha akitaka kwenda Uingereza hutakiwa kulipia mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua. Kabla hujalipia IELTS, kiandikie chuo na uulize kama kinakubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE. Vyuo vingi vya Uingereza huikubali. Ukilazimika kuufanya mtihani huo, kumbuka kwamba matokeo yake hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye leo kwa ajili ya ndoto ya 2030.

Sasa insha ya kujieleza. Kila mwaka maelfu ya vijana huanza kwa kusema kwamba tangu utotoni walikuwa na shauku kubwa ya kubadilisha ulimwengu. Waachie sentensi hiyo. Wewe unatoka Kajiado, na Kajiado ina mambo ambayo wasomi wa nje huvuka bahari kuja kuyatafuta. Barabara ya Magadi inayopita katikati ya Rongai ndiyo inayoelekea Olorgesailie, ambako Mary na Louis Leakey walichimba shoka za mawe katika miaka ya 1940. Tangu 1985 watafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Washington wamekuwa wakifanya kazi huko pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hebu fikiria: msomi wa Marekani hupita mbele ya lango la ploti yenu akienda kutafuta maarifa, na wewe unaandika insha kana kwamba umezaliwa mahali pasipo na jina.

Anayesoma ikolojia aandike juu ya Kitengela. Nyumbu wa Mbuga ya Nairobi walikuwa wakishuka nyanda za Athi-Kaputiei kila msimu wa mvua, hadi ploti na nyaya za ua zikawafungia njia. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasiweke ua. Mpango huo ulifaulu wapi, ukashindwa wapi? Bibi yako anaweza kukueleza hayo vizuri kuliko kitabu chochote. Anayesoma uhandisi aandike juu ya nyumba za Rongai zenye orofa saba zinazonunua maji ya boza na kulipia lori la majitaka, au juu ya floridi katika maji ya visima inayoharibu meno ya watoto wa Kajiado. Andika unachokijua, taja mahali, toa kipimo, kisha eleza ni maarifa gani hasa unayoyakosa na kwa nini yanapatikana katika chuo hicho. Insha nzuri ni hiyo, na haihitaji neno la kuazima kutoka kwenye kamusi.

Tufike kwenye pesa. Kuna karatasi inayosema chuo kimekukubali, na kuna karatasi inayosema nani atalipa. Ni karatasi mbili tofauti. Familia nyingi hupokea ya kwanza, zikapiga vigelegele, zikauza ploti ya hamsini kwa mia, kisha zikaanza kuitafuta ya pili.

Tofauti hii si ya jana. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliposafirishwa kwenda Marekani kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, walikuwa tayari wana nafasi katika vyuo, na ufadhili wa masomo ulikuwa umetafutwa. Kilichokwama ni tiketi ya ndege. Mboya na marafiki zake wa Marekani, akiwemo mchezaji Jackie Robinson na mwanamuziki Harry Belafonte, walichangisha nauli. Wangari Maathai aliondoka 1960 kwa mkondo huo huo, akaenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas. Ona jinsi hesabu ilivyokuwa wazi: nafasi hii hapa, karo hii hapa, nauli ndiyo tunaitafuta. Kila mmoja alijua ni mfuko upi uliokuwa mtupu.

Linganisha na yaliyotokea Uasin Gishu. Mpango wa kaunti ulioanza 2021 uliwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wazazi waliweka pesa katika akaunti ya hazina ya elimu ya kaunti, na kaunti ndiyo iliyotakiwa kuvilipa vyuo. Kufikia 2023 wapo wanafunzi waliokuwa Finland wakitishiwa kufukuzwa kwa karo ambayo haijafika, na wazazi walikuwa wakiandamana Eldoret. Kesi ilifika mahakamani mwaka huo, washtakiwa wakakana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Mzazi wa Kajiado ana ya kwake: karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, kwa jina la mwanafunzi, na risiti itoke chuoni. Akaunti yoyote iliyo katikati, iwe ya mheshimiwa, ya kanisa au ya binamu, ni sababu ya kukataa.

Usidanganywe pia na neno "bure". Ni kweli vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg ambako wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini ili upate viza, lazima uonyeshe fedha za kujikimu, na kwa kawaida hiyo ni akaunti iliyozuiwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, kiwango kilichowekwa Septemba 2024. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Pesa ni zako, utazipokea euro 992 kila mwezi ukiwa huko, ila ziwepo kwanza. Uingereza nayo hutaka fedha zilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ndiyo maana kuna watu mjini wanaokodisha "pesa za kuonyesha" au kuchapa taarifa za benki za uongo. Ubalozi huipigia benki simu. Ukigunduliwa umedanganya katika ombi la viza ya Uingereza, unaweza kufungiwa mlango kwa miaka 10.

Sasa ajenti. Utamtambua kwa vibendera vya nchi saba mezani na kalamu aliyokwisha kuifungua. Wapo waaminifu, na kazi yao ni halali. Lakini fahamu jinsi biashara hiyo inavyokwenda: vyuo vingi vya nje humlipa ajenti kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejisajili, kwa hiyo chuo anachokusifia huenda ndicho kinachomlipa yeye. Akikudai na wewe "ada ya usajili", "ada ya faili" na "ada ya kuharakisha", simama uondoke. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, wa DAAD wa Ujerumani na wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya hautozi ada ya maombi. DAAD ina ofisi Nairobi tangu 1973. Anayekuuzia fomu ya ufadhili anakuuzia kitu ambacho mwenyewe hukitoa bila malipo.

Na harambee? Fanya, maana jirani wa Rongai ana moyo. Ila mweka hazina aandike ahadi za jukwaani kwa penseli, na kamati ipange bajeti kwa pesa zilizoingia kwenye simu. Chakula cha wageni kisizidi tiketi ya ndege.

Tena, ng'ambo si lazima iwe ng'ambo ya bahari. Marais wa Afrika Mashariki walitangaza 2017 kuwa kanda hii ni eneo moja la elimu ya juu, na Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu. Makerere ilimsomesha Mwai Kibaki na Ngũgĩ wa Thiong'o. Anayeidharau Kampala kwa sababu haina theluji hajaamua bado kama anataka elimu au picha.

Zimebaki tarehe. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Chevening kwa kawaida hufungua Agosti na kufunga Oktoba, na hutaka uwe umefanya kazi kwa saa 2,800. Mwenye nia apange kalenda yake kuanzia hapo kurudi nyuma.

Neno la mwisho ni kwenu wakuu wa idara na wahadhiri. Mtoto wa mfugaji wa Isinya ambaye ng'ombe wao waliisha kwa ukame wa 2022 atashindana na vijana wa dunia nzima kwa nafasi chache. Akishindwa, ashindwe na aliyemzidi. Asikose nafasi kwa sababu karatasi yake ya takwimu ilibaki kwenye droo yenu. Tafadhalini, toeni alama na mtie saini.