Sifa za Kabichi ya Agosti

Wapo mahasidi wanaonong'ona, hapa Kikuyu na kwingineko Dodoma, kwamba kumwadhimisha mkulima tarehe 8 Agosti, hali mvua imekatika tangu Aprili na haitarajiwi hadi Desemba, ni kukosa mashauri. Nami nasema, kwa adabu zote, kwamba hao hawakujaliwa basira. Mkulima apatikane lini kwa nafasi? Januari ameinama, matope magotini, anapalilia uwele wake, na mtu wa hali hiyo hahutubiki.

Tazameni viwanja vya Nane Nane kule Nzuguni: katika nchi ipatayo kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, matuta ya kabichi hunawiri kwa fadhila ya mpira wa maji, asubuhi na jioni, hata bustani za Babeli zingeona haya, na kando yake husimama kibao kinachohubiri kilimo stahimilivu. Mzee wa Kigogo, aliyezeeka akivuna mtama kwa umande na dua, huelezwa hapo na kijana mwenye fulana mpya namna ya kuukabili ukame. Naye huitikia, "Ahsante, mjukuu wangu," kisha huuliza mpira ule wauzwaje. Hupewa kipeperushi.

Waungwana wa mjini nao, wakiisha kujuana na shamba kwa muda wa kumaliza soda moja baridi, hurejea majumbani na miche ya mipapai, wakaipanda Agosti hiyohiyo.