Gia Boksi Haina Hatia

Ndugu zangu mlioko nyumbani, niko Marekani, nchi ambayo mtu huwasha gari lenye nguvu ya kung'oa mbuyu ili akanunue maziwa. Mnadhani wanaume wa makamo huku wanagombania siasa. Wanagombania pikapu kuukuu za dizeli zenye gia za otomatiki, na siasa huja baadaye, sauti zikishakauka. Injini haina mgogoro. Ile Cummins ya lita 5.9, iliyoanza kufungwa kwenye pikapu za Dodge za modeli ya 1989, inatembea hadi bodi linaoza, viti vinachanika na mwenye gari anastaafu, yenyewe bado inanguruma. Anayetukanwa ni gia boksi iliyokaa nyuma yake. Mimi najitolea kuwa wakili wake bila malipo, na hoja yangu ni moja: nyingi katika gia boksi hizi hazikufa, ziliuawa, na fundi anayefanya ovaholi bila kumtafuta muuaji anamwandalia mteja bili ya pili.

Tuanze na ukoo. Gia boksi ya kwanza kufungwa nyuma ya Cummins hiyo ilikuwa A727, ambayo Chrysler, wenye jina la Dodge, waliitoa mwaka 1962 kwa ajili ya magari ya petroli, enzi ambayo hakuna aliyewaza kuifunga nyuma ya injini ya lori. Baadaye ikaongezwa gia ya nne mkiani, ikabatizwa majina mapya, 47RH, 47RE, na mwaka 2003 ikaja 48RE, lakini damu ni ileile. Injini nayo ilikuwa ikinenepeshwa kila baada ya miaka michache. Kiwanda kilijua gia boksi inazidiwa. Kati ya 1996 na 1998, aliyenunua pikapu ya otomatiki alipewa injini ya nguvu farasi 180, na aliyenunua ya manyuo akapewa 215, injini ileile. Mwaka 2001 wakatoa injini kali zaidi yenye mzunguko wa nyutoni-mita 685, wakaiuza kwa manyuo ya gia sita peke yake. Wa otomatiki waliambiwa 624 zinawatosha. Kiwanda kinachombania mteja nguvu kwa kuihurumia gia boksi kimeshatoa ushahidi, tena kwa maandishi. Mteja naye alifanya nini? Alinunua kijisanduku cha umeme cha kuongeza nguvu, akakichomeka kwenye injini, akarudisha zote alizonyimwa na nyingine juu yake, kisha akafunga nyuma tela lenye nyumba nzima ndani, jiko na choo vikiwemo. Gia boksi ilipoungua, akasema Wachrysler hawajui kazi.

Kinachoua ni joto, na joto lina anwani. Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta, ambayo ndani yake ni kama panga boi mbili zinazotazamana: moja inazungushwa na injini, nayo inasukuma mafuta yanayoizungusha ya pili. Hakuna chuma kinachoshika chuma, kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea njiani na kugeuka joto. Gari likishashika mwendo, klachi ndogo ndani ya konveta hufunga panga boi hizo ziende pamoja, na joto hushuka. Lakini panda mlima na tela, mwendo mdogo, klachi haijafunga, mafuta yanachemka. Au imefunga, ila kile kijisanduku kimeizidi nguvu, inateleza huku ikijisaga, na unga wake unasafiri hadi kwenye valvu. Mafundi wa huku wana kanuni kwamba juu ya nyuzi 93 za Selsiasi, kila zinapopanda 11 hivi maisha ya mafuta hukatika nusu. Na hapa kuna kichekesho ninachokipenda kuliko vyote. Katika ukoo huu wa gia boksi, ukiweka P mafuta hayapelekwi kwenye konveta wala kwenye kipozeo. Ndiyo maana hata kijiti cha mafuta hupimwa gari likiwa N, breki ya mkono imevutwa. Basi asubuhi ya theluji mzee anawasha gari, anaweka P, anarudi ndani kunywa kahawa nusu saa, akiamini analipasha moto kwa upendo. Injini inapata joto. Gia boksi inasubiri zamu yake kwenye baridi, haijapata hata tone jipya.

Wapo watakaosema nazungumzia wavuta tela tu, kwani kuna pikapu zisizovuta kitu nazo zinasumbua. Kweli, lakini nyingi zina maradhi ya nje ya gia boksi. Kwenye zile za 1998 hadi 2002, klachi ya konveta ilianza kufunga na kufungua yenyewe barabarani, gari likitikisika kama lina kwikwi. Watu wakashusha gia boksi, wakalipa maelfu ya dola, kwikwi ikabaki. Kumbe mara nyingi ni alteneta: daiodi zake zikichoka huvujisha mawimbi ya umeme kwenye nyaya za sensa ya pedeli ya mafuta, kompyuta ikadhani mguu wa dereva unachezacheza, ikaachia klachi. Dawa iliyopata umaarufu ni kuuvika waya husika karatasi ya alumini, ileile ya kufungia kuku wa kuchoma. Inasaidia, ingawa inaficha alteneta mbovu na ningependa watu wabadilishe alteneta. Kuna pia solenoidi ya presha ya gavana na sensa yake, ambazo, ingawa ziko ndani, hufikiwa kwa kufungua sampo la chini tu, na kebo ya akselereta inayotawala presha: ikilegea, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua. Kabla ya kutangaza msiba, mtu apime presha.

Mwingine atasema: funga manyuo, yaishe. Manyuo maarufu ya pikapu hizo, NV4500, ina nati ya gia ya tano inayojifungua yenyewe na kuondoka na gia ya tano. Atakayesema bora kununua Chevrolet yenye gia boksi ya Allison, iliyoanza kuuzwa na injini ya Duramax 2001, ana hoja nzito zaidi, maana Allison ni watu wa mabasi na malori na kazi yao inaonekana. Lakini nayo, ikifungiwa kijisanduku cha nguvu, huhisi klachi zake zinateleza, inajifungia kwenye gia moja na kugoma. Ina busara ya kugoma. Ile ya Dodge haikufundishwa.

Kwa hiyo fedha ikipatikana, nasema ianzie kwenye konveta yenye klachi imara zaidi, valvu zilizorekebishwa kuongeza presha, kipozeo kikubwa mbele ya rejeta na geji ya joto ambayo dereva ataitazama. Klachi mpya za ndani zifuate. Ovaholi ya bei rahisi inayorudisha vipuri vilevile, nyuma ya injini ileile na kijisanduku kilekile, ni kodi ya ukaidi.

Najua mnachotaka kuuliza: je, mnaweza kuagiza moja ya pikapu hizi? Wa Kenya nimewaokoa: usukani wa kushoto na umri wa zaidi ya miaka 8 haviruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo Mombasa haishuki. Wa Bujumbura na Bukavu, mnaoendesha upande wa kulia, hamna kinga hiyo ya usukani. Mkimpata muuzaji, ulizeni kwanza mafuta ya gia boksi yana rangi gani. Yanatakiwa kuwa mekundu. Akijibu kwa kusifia injini, kateni simu.