Jinsi ya Kutandaza Umeme Bila Kuujua

1. Panga bajeti kwa macho ya mgeni. Parachichi zimelipa, na nyumba yako Njombe mjini imeshaezekwa. Mimina pesa kwenye vigae na jipsamu. Waya unaingia ukutani, na hakuna shemeji aliyewahi kusifia kilicho nyuma ya plasta.

2. Dukani Makambako, fundi atakuambia ukubwa wa waya kwa milimita za mraba: moja na nusu ya taa, mbili na nusu ya soketi, nne ya hita ya bafuni, sita ya jiko. Itikia, kuitikia ni bure. Kisha nunua rola za moja na nusu, nyumba nzima. Chagua za bei ya chini kabisa. Ukikwaruza wekundu wa shaba ukaona weupe wa alumini, acha kukwaruza.

3. Usiwe mtumwa wa rangi. Wenzako wanajua nyekundu au kahawia ni moto, nyeusi au buluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Wewe tumia rangi iliyobaki. Fundi atakayefuata atazitambua kwa vidole.

4. Ruka ethi. Siku za kawaida haipitishi umeme, yaani ni mfanyakazi hewa. Birika la chuma likikutekenya, sema ni baridi ya Njombe.

5. TANESCO watataka fomu yenye saini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Tafuta mwenye haraka kuliko wewe. Asaini juu ya boneti, asije akasumbuliwa na kuiona nyumba.

6. Juni ikiingia na baridi yake, washa kila kitu. Hita ya bafuni ya wati 5,000, kwa volti 230, inavuta karibu ampea 22. Moja na nusu haiwezi, lakini ipe moyo: kama umeme wa kilovolti 220 unatoka Makambako hadi Songea, huu wako utashindwaje kufika bafuni? Ukuta ukipata joto, shukuru. Njombe watu hununua mkaa kwa ajili hiyohiyo.

7. Sakiti breka ikiruka, weka kubwa zaidi. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya wako haujawahi kuomba ulinzi. Nyumba ikinuka plastiki, ndipo umwite fundi uliyemdharau. Mpokee kwa heshima zote, mkaribishe chai. Ila ichemshe kwa kuni.