Umeitwa Fildi? Mwongozo kwa Kijana wa Goweko

Simu ikiita, mtu akajitambulisha kuwa anatoka kampuni ya utafiti Dar es Salaam, kuna kazi ya dodoso ya wiki tatu na mafunzo yanaanza Jumatatu Tabora mjini, usikimbilie kuuliza posho ni shilingi ngapi. Uliza inaingia lini. Kiasi chochote kinatamkika kwenye simu. Tarehe ndiyo inayowatia watu kigugumizi. Akisema "data ikishakubaliwa", muulize anayeikubali ni nani na huwa anachukua siku ngapi. Uliza kwa adabu, cheka kama unayemtania Mzaramo, lakini simu isikatike kabla hujajibiwa.

Ukishajibiwa, taka maandishi. Kazi hii ni kongwe kuliko reli katika nchi yetu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita hapa Unyamwezi kwa njia ya Tura na Rubuga, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ulikuwa msafara wa utafiti kwa kila kigezo: mfadhili yuko London, Royal Geographical Society, na pauni 1,000 za serikali ya Uingereza, watafiti wakuu wawili, chini yao kundi la watu waliobeba mizigo, waliolinda, waliotafsiri na walioijua njia. Kiongozi wa msafara, Said bin Salim, na askari wa Kibaluchi waliahidiwa zawadi juu ya ujira wao na balozi wa Uingereza Zanzibar, Atkins Hamerton. Hamerton akafariki Julai 1857, safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Waliporudi pwani mwaka 1859, Burton akakataa kulipa: hakuridhika na kazi yao, na ahadi hakuiona kuwa deni lake. Ilibidi balozi mpya, Christopher Rigby, aiandikie serikali ya Bombay, nayo ikaamua walipwe. Siku hizi aliyeahidi hafi, anahamia mradi mwingine, na wewe unabaki pale pale.

Kwa hiyo soma mkataba, hata kama mnapewa saa nne asubuhi na gari linaondoka saa nne na robo. Ukiona umeandikwa "mshauri" au "mtoa huduma" badala ya mfanyakazi, usibabaike na cheo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia hali halisi: anayekupangia saa na namna ya kufanya kazi huchukuliwa kuwa mwajiri wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kutuma data saa tano usiku, umesimama juu ya kichuguu ukitafuta mtandao, ni kazi. Iandike kwenye daftari lako. Na ukianguka na bodaboda ukienda kwenye kaya, toa taarifa siku hiyo hiyo, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa kijijini. Pitia kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa balozi wa nyumba kumi. Shikamoo zisipunguzwe kwa sababu una kaya sita za kumaliza. Ukipewa kigoda, kaa. Ukiletewa michembe, kula. Kisha soma maelezo ya ridhaa polepole, ukimwangalia mtu usoni. Ana haki ya kukataa, na asipoijua haki hiyo hujaanza utafiti, umeanza kumsumbua.

Kisha litakuja lile swali: "Mwezi uliopita kaya yako ilipata shilingi ngapi?" Ni Februari. Mzee ametoka banini, macho mekundu kwa moshi, tumbaku yake bado inakauka. Jibu lake ni sifuri, na ni la kweli. Ungemuuliza baada ya soko angekutajia mamilioni, nalo lingekuwa kweli, ila chama cha msingi kimeshakata mkopo wa mbolea na kilichobaki kinatakiwa kufika msimu ujao. Nyuma yake mkewe anamenya karanga za shamba lake mwenyewe, na pesa ya karanga hizo mzee haijui na hatakiwi kuijua. Dodoso linamtaka "mkuu wa kaya" peke yake. Wewe uliyezaliwa hapa unaona mara moja kwamba namba utakayoijaza ni sahihi na haifai kitu. Ijaze kama ilivyojibiwa, andika maelezo pembeni, na jioni kwenye kikao nyosha mkono. Msimamizi akisema muda hauruhusu, nyosha tena kesho.

Usipike data. Najua kishawishi kilivyo: kila "ndiyo" inafungua maswali mengine kumi, "hapana" inakupeleka mbele, na mwembe una kivuli kizuri. Lakini kaya ulizozitunga zitapangiwa zahanati na visima, na watakaozikosa ni hawa hawa.

Nawe bosi uliyeko Masaki una sehemu yako. Kabla hujaleta dodoso Goweko, keti kwenye kigoda kisicho na egemeo ulijibu lote mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mgongo ukianza kuuma, hapo ndipo pa kulikata. Kisha waulize wadodosaji wa huku mwezi gani una pesa, na uwasikilize kabla ya kuchapisha mwongozo wa mafunzo. Inawezekana: utafiti wa kaya za Kagera ulioanza 1991 ulirudiwa 2004 na 2010, ukiwatafuta wale wale hata walikohamia, na watu hawatafutiki hivyo bila wadodosaji wanaojua kuuliza majirani. Ukipanga kaya nane kwa siku katika vitongoji vilivyotengana kwa mwendo wa saa nzima, umeagiza data ya kupikwa, na usimtupie lawama aliyeipika peke yake.

Yote hayo nakwambia kijana ili uende, si ukae. Ukimpata msimamizi mwema, wiki tatu zitakufunza kusikiliza, kuhoji bila kuhukumu, kukitumia kishikwambi hadi kikutii. Utalala chumba kimoja na Mmakonde na Mnyakyusa mkigombania chaja moja, na miaka mitano baadaye ndio watakaokupigia kukwambia kuna kazi. Nimewaona watu waliopata kiwanja kwa posho za fildi. Nimewaona pia waliosubiri posho hizo mpaka mahindi yakavunwa. Ukiwa wa kundi la pili, peleka dai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu haki yako iliponyimwa. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30.

Mwisho wa kazi omba mambo mawili kabla hujarudisha kishikwambi. La kwanza ni jina lako kwenye ripoti. Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi David Livingstone walioupitisha mwili wake hapa Unyanyembe mwaka 1873 wakielekea Bagamoyo, walikwenda Uingereza wakamsaidia Horace Waller kuzielewa karatasi za marehemu. Kitabu kilipotoka 1874, kilikuwa cha Livingstone, na wao wakatajwa kama watumishi wake waaminifu tu. La pili ni kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, zifike kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa yule mama wa karanga. Kampuni ikisema haina fungu la kuchapa, iwatumie faili kwa WhatsApp. Mwenyekiti ana simu, na namba yake mmeshaiandika kwenye dodoso.