Sifa za Seva Inayofuta Polepole

Wengine na wasifu wafalme na farasi. Mimi, mtunza mitambo wa shule moja hapa Lukenya, naisifu seva yetu ya bakapu. Ijumaa jioni niliiamuru ifute nakala za mwaka juzi. Jumatatu asubuhi nikaikuta bado inafuta.

Msiicheke. Hata mimi niliishuku. Nilianza kuutikisa waya wa mtandao, maana ni desturi yetu kumkamata kwanza asiye na kosa. Kisha nikaipima diski: imeshughulika asilimia 100, ilhali inachoandika ni kilobaiti chache kwa sekunde. Nikatega sikio. Kru, kru, kru. Diski ile huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kila jina la kufutwa liko pembe yake. Mkono wake ukijitahidi sana huruka mara 100 hivi kwa sekunde. Kwa kila majina milioni 10, hiyo ni zaidi ya saa 27. Huo si ugonjwa jamani, ni adabu: kila faili inaagwa peke yake.

Uungwana wake mkubwa zaidi ni kwamba hata ikishafuta, nafasi hairudi. Kila usiku programu hutengeneza folda mpya, lakini faili isiyobadilika hainakiliwi tena, huongezewa jina tu. Picha moja ya siku ya michezo inaweza kuwa na majina 500 na mwili mmoja. Yafute 499, picha ipo palepale, imestarehe.

Marehemu John Mbiti, mwana wa Ukambani huku huku, aliandika mwaka 1969 kwamba mfu hubaki katika Sasa maadamu yuko hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho, ndipo mfu huyo huzama katika Zamani. Wahandisi wa diski sijui kama walimsoma. Seva yangu imemwelewa barabara.

Na ingejifunza haraka kwa nani? Dirisha la stoo inamokaa latazama mlima wa Lukenya, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walipata kipande cha fuvu la mtu wa zaidi ya miaka 20,000. Mlima huo nao haujafuta.

Dawa naijua: orodha za majina zihamishiwe kwenye SSD, diski isiyo na mkono wa kuruka. Fomu ya kuiomba nimeijaza mara mbili, nayo inashughulikiwa kwa mwendo ambao seva ingeuonea wivu.

Jumanne mhasibu akabisha hodi, jasho linamtoka. Wakaguzi wako ofisini, wanataka risiti za muhula wa pili, mwaka juzi. Nikaisimamisha amri ya kufuta, nikachungulia huku moyo ukidunda. Folda ya uhasibu nzima! Seva ilikuwa ingali kwenye picha za michezo.

"Fundi, kumbe wewe hutupi kitu!"

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikazipokea sifa.