Kaunti Saba Ambako Ukikohoa Jirani Hasikii

Sisi wa Riruta, Nairobi, tunajua kubanana. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo yetu ya Dagoretti ilikuwa na watu 434,208 kwenye kilomita za mraba 29 hivi. Ukigawanya unapata karibu watu 15,000 kwa kila kilomita ya mraba. Ndiyo maana ukikaanga samaki, ploti nzima inajua mshahara umeingia. Hebu leo tupumue. Hizi hapa, kwa sensa hiyo hiyo, kaunti saba za Kenya zenye watu wachache zaidi kwa eneo lake, tukishuka kutoka ya saba hadi ya kwanza.

7. Garissa: watu 19 kwa kilomita ya mraba
Ni nyumbani kwa hirola, swala adimu kuliko mpangaji asiyedaiwa kodi. Lakini wastani unaficha mengi. Ndani ya kaunti hiyo hiyo kuna kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991, ambako makao yamepakana kiasi kwamba jirani yetu wa Kawangware hangeshangaa.

6. Samburu: watu 15
Maralal wamekuwa na mashindano ya mbio za ngamia tangu 1990. Dereva wa matatu wa huku kwetu angefurahi huko: hakuna foleni kama ya Dagoretti Corner, na ngamia haombi abiria wasogee kidogo.

5 na 4. Wajir na Turkana: watu 14 kila moja
Zimetoka sare, basi zikae pamoja. Wajir haina mto unaotiririka mwaka mzima, na mji wake ulikua kando ya visima. Ukitaka kujua watu wako wapi, uliza kisima kiko wapi. Hilo ndilo somo la kwanza la safari hii: huko kaskazini watu hawajatapakaa ovyo, wanafuata maji na malisho, na pale unapoona pamebaki wazi leo, kuna mtu atakayepahitaji mvua ikinyesha.

Turkana nayo isiitwe pori mbele yangu. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana aliyeishi miaka inayokaribia milioni 1.5 au zaidi iliyopita. Mtu akikuambia hakukaliwi, mjibu kwamba kulishakuwa na wenyeji kabla hata ya Riruta kupata landilodi wa kwanza.

3. Isiolo: watu 11
Watu 268,002 kwa jumla. Wakibanwa tunavyobanwa sisi, kaunti nzima ingetosha kwenye kilomita za mraba 18, na Dagoretti ingebaki na nafasi ya kuegesha bodaboda zote. Wasijaribu. Ng'ombe hawapandi ghorofa.

2. Tana River: watu 8
Hapa ramani inadanganya kabisa. Wapokomo wanalima kingo za mto ulio mrefu kuliko yote Kenya, nao Waorma na Wawardei wanaleta mifugo mto huo huo kiangazi kikikaza. Hata mbega mwekundu wa Tana anaishi misitu ya kandokando yake tu, haonekani kwingine duniani. Kwa hiyo hao wanane wa kwenye karatasi si wanane pale ukingoni; wamekaa bega kwa bega, na migogoro ya shamba na malisho inatokana na hapo. Mto unapofurika, kama mwishoni mwa 2023 na tena 2024, unawakuta wengi kwa pamoja. Sisi tunangoja maji yafike mferejini, wao wanangoja yatoke nyumbani.

1. Marsabit: watu 6
Bingwa ndiye huyu. Ina watu 459,785, yaani inaizidi Dagoretti yetu kwa 25,577 tu! Lakini ardhi yake inazidi Rwanda na Burundi zikijumlishwa. Ingejaa kama kwetu, ingekuwa na watu karibu bilioni moja, na mama mboga wote wa Kawangware wasingemudu kuwakatia sukuma.

Ina jangwa la Chalbi na ina mlima wenye msitu, alikoishi Ahmed, ndovu aliyepewa ulinzi wa serikali kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Ina pia mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, ambayo umeme wake husafirishwa hadi Suswa na kuingia kwenye gridi ya taifa, hiyo hiyo inayowasha taa zetu. Ardhi ilipojengwa mitambo hiyo ilidhaniwa na wengi kuwa tupu. Wafugaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati zake hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe.

Hesabu hizi za watu na ardhi hugusa hata pesa. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa wiki nyingi juu ya mgao wa pesa za kaunti, na wito wa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani pesa zifuate idadi ya watu, ukasikika sana. Kwangu wito huo una kasoro kubwa. Mama mjamzito wa North Horr, huko Marsabit, ni mtu mmoja, ila ambulensi yake ina safari ndefu kuliko ya mama wa Riruta mara nyingi sana, na mafuta hayanunuliwi kwa idadi ya watu. Katiba ya 2010 inalielewa jambo hili: kifungu cha 89 kimetaja majiji na maeneo yenye watu wachache kwa pamoja, kikiyapa yote mawili nafasi ya kutofautiana na wastani wa wakazi wa maeneo bunge kwa hadi asilimia 40. Riruta na North Horr, sentensi moja!

Basi jirani, mjadala wa mgao utakaporudi, nasi tukidai haki ya wingi wetu, tusiwaambie wa Marsabit kwamba hawatoshi kujengewa barabara. Kwa idadi wanatuzidi kidogo.