Risiva Inaomba Kimya

Hongera, mheshimiwa wa Thongpiny, Juba, kwa sinema ya nyumbani iliyovuka mpaka wa Nimule juu ya lori: spika tano, besi moja kubwa kama pipa, na risiva yenye maikrofoni yake ya kupimia. Maikrofoni huwekwa usawa wa masikio pale unapoketi. Risiva hupiga milio, ikapima umbali na nguvu ya kila spika. Inaomba kitu kimoja tu: kimya. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, risiva imegoma: kelele zimezidi. Ukaamuru jenereta izimwe. Kimya kikapatikana, mheshimiwa, na risiva ikazimika nayo. Betri za sola zingekufaa sana, ila fedha zake ndizo zilizogeuka besi.